JAJI RAMADHANI ALIFUNGA MLANGO, NAYE AKABAKI NJE

Tarehe 28 Oktoba 2020 wapiga kura wa Narung'ombe walipewa karatasi ya kumchagua Rais. Ya Mbunge hawakupewa. Jimbo la Ruangwa lilikuwa limekwisha kupata Mbunge tangu Agosti: Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, amepita bila kupingwa! Shughuli imekwisha, wananchi rudini mkaokote korosho.

Wengi wakilisema jambo hili humlaumu msimamizi wa uchaguzi, au Tume. Hao wanapiga kivuli. Mlango ule ulikomewa Dar es Salaam miaka kumi kabla, tarehe 17 Juni 2010, na majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani. Siku hiyo ndipo ilipoamuliwa kwamba Mtanzania asiye na kadi ya chama hawezi kugombea hata udiwani.

Tumseme marehemu kwa haki. Ramadhani hakuwa jaji wa kuokotwa. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1945, akasoma sheria Chuo Kikuu, akaingia Jeshi la Wananchi na kufika cheo cha Brigedia. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, na mwaka 1989 akaingia Mahakama ya Rufani. Alikaa Mahakama ya Afrika Mashariki, akawa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, na mwaka 2007 Rais Kikwete akamteua Jaji Mkuu wa Tanzania. Watu waliomfahamu wanamsifu kwa upole, na kanisani alikuwa mpiga kinanda hodari. Hatuna ugomvi na kinanda chake. Ugomvi wetu ni hukumu.

Kesi yenyewe ilikuwa na historia ndefu ya Serikali kukataa kushindwa. Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, Katiba ilirekebishwa ili kila mgombea lazima atoke chama. Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye chama chake cha DP kilikuwa kimenyimwa usajili, akaenda Mahakama Kuu Dodoma. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa haki yake: mgombea binafsi ruksa. Serikali ilifanya nini? Ilikimbilia Bungeni mwaka huo huo, ikabadili Katiba ili hukumu ibaki karatasi tupu. Mwananchi ameshinda mpira, refa amehamisha goli!

Mtikila hakuchoka. Akarudi mahakamani mwaka 2005, na mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema tena kwamba mgombea binafsi ni haki. Serikali ikakata rufani. Sasa mpira ukawa miguuni kwa Ramadhani na wenzake sita, Watanzania wakisubiri, uchaguzi ukiwa miezi minne mbele.

Wakasema hili ni jambo la kisiasa, likaamuliwe na Bunge.

Bunge lipi? Lile lile lililoiua hukumu ya Lugakingira? Huko ni kumrudishia fisi kesi ya mbuzi. Na tusidanganywe kwamba mahakama ile haikuwa na meno. Mwaka 2002, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, katika kesi ya Ndyanabo, Mahakama hiyo hiyo ya Rufani ilifuta kifungu cha sheria kilichomtaka mlalamikaji wa uchaguzi aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kabla ya kusikilizwa. Mlalahoi akapata njia ya kufika mbele ya jaji. Meno yalikuwepo, mwaka 2010 yakafichwa. Majaji watatuambia kifungu cha sheria si sawa na kifungu cha Katiba. Haya. Lakini haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi nayo imo ndani ya Katiba hiyo hiyo, na mahakama ikajitia haioni.

Jaji Mkuu anateuliwa na Rais. Rais ni Mwenyekiti wa CCM. Hatusemi alipigiwa simu, hatuna ushahidi huo. Tunasema mfumo wa namna hii hauhitaji simu.

Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikamwambia Mtikila kwamba alikuwa sahihi, na Tanzania ikaamriwa irekebishe Katiba na sheria zake. Ramadhani wakati huo alikuwa jaji wa mahakama hiyo, lakini kwa kuwa ni Mtanzania hakukaa kuisikiliza kesi. Tume ya Warioba, ambayo yeye alikuwa Makamu Mwenyekiti wake, nayo ikamweka mgombea huru katika rasimu ya Katiba. Kwa hiyo alilolikataa akiwa na joho alilipokea akiwa tumeni!

Kisha ukaja mwaka 2015. Ramadhani, akiwa bado Rais wa Mahakama ya Afrika, akaenda kuchukua fomu ya CCM kuomba urais. Rais wa mahakama ya bara zima kwenye foleni ya makada! Wasomi walimlaumu kwa kuchanganya joho na kijani, na walikuwa sahihi, lakini wengi hawakuona kichekesho chenyewe. Angekwenda wapi kwingine? Mlango wa asiye na chama aliufunga yeye. Vikao vya CCM vikachuja majina zaidi ya thelathini, vikabakiza matano. La Jaji halikuwemo. Na hakuwa na pa kukatia rufani.

Narung'ombe wako watu ambao kijiji kizima huwaita wakigombana kwa mpaka wa mikorosho. Hawana kadi ya kijani wala yetu. Na tuseme ukweli, hata ndani ya upinzani wako viongozi wanaofurahia sheria hii, kwa sababu bila kadi yao mtu si kitu. Mzee wa namna hiyo, mwaka 2020, angesimama peke yake Ruangwa na fomu yake mkononi, wapiga kura wangepewa karatasi yenye majina mawili. Angeshinda? Pengine angepata kura chache sana. Lakini Waziri Mkuu angelazimika kupita Narung'ombe kuomba kura.

Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi. Ramadhani alifariki Aprili 2020. Amri ya Arusha haikufa na yeyote kati yao. Serikali ituambie: itatekelezwa lini?