Apimwe Kwanza, Adungwe Baadaye

Mwanamume aingiaye duka la dawa kutafuta tiba ya nguvu za kiume hujulikana kwa namna asimamavyo: hujitenga pembeni, hujifanya anasoma vibandiko vya dawa za kikohozi, na husubiri hadi mama wa mwisho mwenye mtoto aondoke, ndipo amsogelee muuzaji na kumnong'oneza. Muuzaji naye, ambaye aghalabu ni kijana wa kumwita mteja huyo adeer, yaani ami kwa Kisomali, huona haya kumhoji. Na kwa haya hiyo ya pande mbili sindano hununuliwa pasi na swali hata moja kuulizwa. Hivyo ndivyo tiba ya homoni ya testosteroni isivyopasa kuanza, iwe Garissa, Wajir au Mandera.

Homoni hiyo hutengenezwa na korodani kwa amri itokayo chini ya ubongo, na wafugaji wetu wa ngamia hawahitaji mwalimu wa kuwaeleza kazi yake, maana tangu zama za kale wamekuwa wakihasi madume watakaobebeshwa vijiti na mikeka ya nyumba, wakijua fika kwamba aliyehasiwa hutulia na kuacha kuwaandama majike. Wazungu waliipata ikiwa safi mwaka 1935, na hii ya leo aghalabu hutengenezwa kutokana na mimea kama soya, basi mwenye kuchelea unajisi wa nguruwe na aondoe wasiwasi. Dawa ya kupaka nayo huchanganywa na spiriti; mwenye kuionea shaka amwendee sheikh wake.

Tiba hii ni haki ya mtu ambaye mwili wake umeshindwa kweli: aliyezaliwa na kasoro, aliyeumia korodani, aliyeharibiwa na matubwitubwi ukubwani, au mwenye uvimbe katika tezi iliyo chini ya ubongo. Huyo hupungukiwa na hamu, ndevu humpukutika, mifupa yake hudhoofu, na akitibiwa hurejewa na siha yake. Lakini dalili peke yake si ushahidi. Damu hupimwa asubuhi kabla ya saa nne, mtu akiwa hajala, na ikionekana ina upungufu hupimwa tena siku nyingine, kwa kuwa homoni hii hupanda na kushuka, na hushuka pia mtu akiwa mgonjwa. Mtu asidhani kwamba Ramadhani, kwa sababu ya funga, ndiyo mwezi bora wa kipimo hiki: anayekesha hadi daku na kulala baada ya alfajiri amekwisha kuvuruga saa za mwili wake, na afadhali angoje hadi baada ya Idi.

Walio wengi wanaolalamikia unyumba hawana upungufu huo kamwe. Wana kisukari, au shinikizo la damu, au mishipa iliyoziba. Wengine wamezoea vidonge vya tramadoli, ambavyo vyenyewe huishusha homoni. Na wenye vitambi, wakipunguza uzito, wengi wao huiona ikipanda pasipo sindano.

Lililonisukuma kuandika, hata hivyo, ni suala la watoto. Homoni itokayo nje ikizidi damuni, ubongo hudhani korodani zinafanya kazi ya kutosha na kuacha kuziamuru, nazo husinyaa na kuacha kutengeneza mbegu. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitangaza uchunguzi ambamo wanaume wenye afya walidungwa miligramu 200 za homoni hii kila wiki kwa makusudi ya kuzuia uzazi, na wengi wao, kabla ya miezi sita kwisha, hawakuwa na mbegu hata moja. Tazama basi mkasa huu: mtu ameoa mke wa pili kwa kutaraji dhuria, anaona nguvu zimepungua, anadungwa kwa siri, anajiona rijali kuliko zamani, ilhali amekwisha kujifanya tasa kwa fedha yake mwenyewe, na lawama yote inamwangukia mke, ambaye huzungushwa kwa matabibu na waganga, na pengine hupewa talaka. Mbegu aghalabu hurudi dawa ikiachwa, ila hungojewa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Na kwa anayetaka mtoto zipo dawa nyingine za kuziamsha korodani badala ya kuzilaza.

Tena tiba hii hutaka uangalizi wa miaka. Huongeza chembe nyekundu, na zikipita asilimia 54 ya damu dawa husimamishwa. Katika joto la Garissa, ambamo mtu akizembea kunywa maji damu yake huzidi kuwa nzito, hilo si jambo dogo. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba mishtuko ya moyo na kiharusi havikuzidi kwa waliotumia dawa, bali mapigo ya moyo yaliyovurugika na damu iliyoganda mapafuni vilizidi. Mwenye saratani ya tezi dume haimfai. Mabingwa wa homoni nao wengi wako Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 350, kwa barabara ambayo mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yaliikata hapa karibu na mji wa Garissa.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti iitengee Hospitali ya Rufaa ya Garissa kliniki ya asubuhi ya wanaume, yenye kipimo hiki na tabibu wa kiume mwenye stara, na nawaomba wenye maduka wakatae kuuza sindano hiyo pasipo cheti cha daktari. Nawe uliyekwisha kuanza bila kupimwa, usijiongezee dozi nyingine; ichukue chupa uliyonunua, uende nayo kwa daktari, umwambie kweli umedungwa mara ngapi, na umweleze kama bado wataka watoto.