Mwasho ukiisha, usiitupe dawa ya miguu

Kila msimu wa mvua unapoingia hapa Ziwa, huwa najua ni wagonjwa gani watakaonijia. Atakuja mkamuaji wa ng'ombe ambaye miguu yake hushinda ndani ya gambuti tangu alfajiri. Atakuja mwanafunzi wa shule ya bweni. Atakuja pia kijana anayekimbia kila asubuhi akitumaini kwamba siku moja atashinda mbio za ng'ambo. Wote huvua viatu kwa haya. Ukitazama kati ya kidole cha mwisho na kile kinachokifuata, utaona ngozi imekuwa nyeupe, imelainika na kupasuka, na mara nyingi inanuka.

Msomaji mpendwa, huo ni ugonjwa wa kuvu wa miguu, ambao wengi wetu huuita fangasi. Wazungu waliupa jina la mguu wa mwanariadha, lakini ugonjwa wenyewe haubagui. Unachotafuta ni joto na unyevu. Husababishwa na viini vya jamii ya kuvu, hasa kile kiitwacho Trichophyton rubrum. Viini hivi hula keratini, yaani kitu kinachojenga tabaka la juu la ngozi, kucha na nywele. Huambukizwa kwa kukanyaga sakafu ya bafu la pamoja, au kwa kuazimana viatu, soksi na taulo.

Dawa ya kuuponya ipo na si ya ajabu. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hupatikana katika maduka mengi ya dawa. Ipo pia ya mikonazoli, na ile ya terbinafini ambayo hufanya kazi kwa muda mfupi zaidi. Hata marhamu ya zamani ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na ya salisiliki, bado husaidia. Basi kwa nini watu wale wale hunirudia kila mwaka?

Kwa maoni yangu, lawama hazifai kuwekewa dawa. Ni za namna tunavyoiuza, tunavyoiandika na tunavyoitumia, nami sijitoi.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mkamuaji mmoja krimu ya klotrimazoli. Aliipaka kwa siku nne, mwasho ukatulia, akaiweka kando. Baada ya mwezi alirudi, nikamwandikia ile ile. Mara ya tatu aliletwa akiwa na homa, mguu umevimba hadi karibu na goti, mwekundu na wenye moto. Bakteria walikuwa wameingia kupitia mpasuko wa vidole. Alilazwa, akadungwa sindano za kuua bakteria, na wiki hizo zote hakupata mshahara. Nilipomuuliza kwa nini aliacha dawa mapema, alinijibu kwa upole: "Daktari, hukuniambia ni siku ngapi." Alisema kweli.

Ukweli ni kwamba mwasho hutangulia kuondoka, nao kuvu hubaki. Klotrimazoli hupakwa mara mbili au tatu kwa siku, kwa wiki mbili hadi nne, na inafaa kuendelea angaa wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana imepona. Terbinafini, kwa ugonjwa wa kati ya vidole, kwa kawaida hupakwa kwa wiki moja. Osha miguu, ikaushe kabisa hasa kati ya vidole, kisha paka tabaka jembamba hadi kupita kidogo ukingo wa sehemu iliyoathirika. Nawa mikono ukimaliza. Na ukivaa nguo, vaa soksi kabla ya suruali ya ndani, usije ukaupandisha ugonjwa hadi kwenye kinena.

Kosa la pili linanitia hofu zaidi. Mtu huenda dukani akasema, "Nipe ile kali," naye akapewa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi ndani yake. Steroidi hutuliza mwasho na wekundu upesi, na mnunuzi hurudi nyumbani akimsifu muuzaji. Lakini pia hupunguza nguvu za ngozi za kupigana na viini, hivyo kuvu husambaa kimyakimya. Mwaka wa 1968 madaktari wa Uingereza, Ive na Marks, walieleza jinsi krimu za namna hiyo zinavyoubadilisha ugonjwa hadi daktari mwenyewe asiutambue. Huko India, ambako krimu za mchanganyiko zimetumiwa ovyo, kumeenea kuvu ambaye mara nyingi haogopi terbinafini. Kuvu huyo hushambulia zaidi mwili na mapaja, na mwaka wa 2023 Marekani iliripoti wagonjwa wake wa kwanza. Hatuna sababu ya kudhani kwamba yaliyowapata wenzetu hayawezi kutufikia.

Kwa hiyo ninawasihi wauza dawa: msiuze krimu bila kumwambia mnunuzi idadi ya siku, wala msimpe yenye steroidi kwa sababu tu ameomba iliyo kali. Wenye mashamba, mpeni mfanyakazi jozi ya pili ya gambuti, ili moja ikauke huku nyingine ikivaliwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mkamuaji aliyelazwa. Walimu wa bweni, kila mwanafunzi awe na ndara zake za kuogea. Nawe mwanariadha, usirudie soksi za jana.

Wapo wasiopaswa kujitibu wenyewe. Mwenye kisukari amwone daktari mapema, kwa kuwa kidonda kidogo cha mguu kinaweza kumgharimu mguu mzima. Kucha zilizonenepa na kugeuka manjano kwa kawaida hazitibiki kwa krimu pekee; mara nyingi huhitaji vidonge kwa miezi kadhaa. Ukiona uvimbe, usaha au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ikiwa umepaka ipasavyo kwa wiki nne bila nafuu, huenda hiyo si kuvu. Ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi hufanana nayo.

Siku hizi sitoi karatasi ya dawa kabla mgonjwa hajanitajia mwenyewe tarehe atakayoacha kupaka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe uko kati ya vidole vyako, na dawa ya kuuziba unayo mkononi. Imalize.