Chungu Kinapochemka: Moto Mkali Hauivishi Upesi

Ndugu msomaji, ukipita katika mitaa ya Ujiji wakati wa alasiri, au ukipanda kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika kuelekea nchi ya Waha, hukosi kukuta sufuria kubwa juu ya mafiga. Katika nyumba moja mna togwa ya futari. Katika nyingine mna maji ya kimea yatakayokuwa pombe ya arusi. Wengi wa wenyeji wa Ujiji hawaigusi pombe, wala safu hii haimshawishi mtu kunywa. Lakini kazi ya kuchemsha ni ile ile, na makosa yake ni yale yale.

Mimi niliyajua makosa hayo nikiwa bado msichana. Mama mkubwa alinikabidhi sufuria ya maji ya kimea, akaniambia niyaangalie mpaka arudi. Nikadhani kuwa moto ukiwa mkali kazi itakwisha mapema. Nikachochea kuni, nikafunika sufuria, nikaenda kuteka maji. Niliporudi, povu lilikuwa limefurika na kumwagikia mdogo wangu aliyekaa karibu na mafiga. Kovu la mguu wake analo hata leo. Huku chini ya sufuria palikuwa na ukoko mweusi, na mimi, kwa hofu, nikaukoroga ili kuuficha. Chakula chote kikanuka moshi, kikamwagwa.

Mama mkubwa hakunipiga. Alisema tu, “Mwanangu, sufuria haikimbizwi.” Nilichelewa sana kuelewa maana yake, nami leo napenda kukueleza.

Jambo la kwanza ni hili: maji yakisha kuchemka, joto lake halizidi hata ukiongeza kuni. Ziwa letu liko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka yafikapo nyuzi joto 97 hivi. Huko Kasulu, kwenye miinuko, huchemka kabla ya kufika nyuzi hizo. Yatokote kwa fujo au yatokote polepole, joto ni moja. Kinachozidi ni mvuke. Na mvuke una gharama: kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji joto takriban mara saba ya lile lililotumika kuyachemsha kutoka ubaridi wa mtungini. Kwa hiyo anayechochea moto bila haja huzipeleka kuni zake hewani, na kesho ataamka alfajiri kuzifuata mbali.

Ziko kazi zinazotaka mvuke huo. Wachemshaji wa chumvi wa Uvinza, ambao kazi yao ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja, waliyafukuza maji ya chemchemi ili chumvi ibaki. Mpishi wa mawese naye, akisha kuyaengua mafuta, huyarudisha motoni ili maji yaliyosalia yatoke. Lakini maji ya kimea si maji ya chumvi. Ndani yake mna sukari, uwanga na chembe za nafaka, na vitu hivyo haviruki pamoja na mvuke. Ukianza na lita 20 zenye kilo 2 za vitu hivyo, kila lita ina gramu 100. Zikibaki lita 15, kila lita ina gramu 133. Umepata kinywaji kitamu zaidi na kizito zaidi, lakini pia kinachoungua upesi zaidi.

Kwa nini kiungue? Maji mepesi hupanda na kushuka yenyewe, yakichukua joto kutoka chini kwenda juu. Uji mzito hauzunguki. Chembe hutua chini, hukaa juu ya chuma cha moto, na hapo hugeuka ukoko. Basi, kadiri sufuria ilivyo nzito, ndivyo moto unavyopasa kuwa mdogo na mwiko kuwa na kazi. Kama ni pombe unayoipika, chuja machicha kabla ya kuchemsha, si baada yake. Ukoko ukisha kushika, usiukwangue: mimina kilicho juu katika chombo kingine, uuache pale ulipo.

Povu nalo lina sababu yake. Nafaka ina protini, na maji yanapoanza kuchemka protini hiyo hufanya povu jingi. Dakika chache baadaye hugandamana ikawa vibonge vidogo mfano wa maziwa yaliyokatika, na povu likatulia. Hatari iko katika dakika zile za kwanza. Acha robo ya sufuria wazi, usifunike, usiondoke, wala mtoto asikae karibu. Likisha kushuka, ondoa kuni moja moja mpaka uone mtokoto wa utulivu.

Tena kumbuka wakati wa kutia kimea. Kimea ndicho kinachoulainisha uji na kuutia utamu, kwa vimeng'enya vilivyomo. Ukikitia katika uji unaotokota unaviua, na uji utabaki mzito vile vile. Subiri upoe kiasi, koroga kimea, uache ulainike, kisha ndipo uchemshe tena kwa dakika chache. Mchemsho huu wa pili ni wa lazima kwa mtoto, maana kimea kibichi huweza kuwa na vijidudu. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ni miongoni mwa waliohimiza uji wa namna hiyo, kwa kuwa huwa mwepesi kumezwa bila kupunguziwa unga. Kwa mtoto, kimea cha ulezi ndicho bora. Machipukizi na mizizi ya mtama ulioota yana sumu; anayetumia mtama na aukaushe, aufikiche na kuupepeta mpaka viondoke vyote.

Mwisho, moto hauwezi kila kitu. Wako wanaotenga mahindi yaliyoota ukungu wakisema, “Haya ni ya pombe, yatachemshwa.” Sumu ya ukungu haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 mashariki ya Kenya, na mwaka 2016 ikaua wengine katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara. Nafaka yenye ukungu haifai mtu, haifai mfugo, haifai hata chungu cha pombe.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapomwachia binti yako au mwanao sufuria, usimwambie tu, “Angalia isiungue.” Kaa naye mpaka povu lishuke. Mweleze kwa nini kuni zinapunguzwa, na umwonyeshe mahali pa kukaa mdogo wake. Maneno hayo machache ningaliambiwa mapema, mguu mmoja katika nyumba yetu usingalikuwa na kovu.