Difu ikilia, tazama oili kwanza

MWALIMU mmoja, jirani yangu, nusura auze ng'ombe wa maziwa mwaka jana kwa sababu ya lita chache za oili.

Yeye na mumewe wana pikapu ya mtumba ambayo huwapeleka Kinangop kila mwisho wa juma kutazama shamba lao la viazi. Kabla ya mvua za Aprili waliipeleka kwa fundi ikaguliwe. Fundi alibadilisha oili ya injini, kisha akafungua mkebe mmoja wa oili ya gia. Nusu aliitia kwenye giaboksi, na iliyobaki akaimimina kwenye difu ya nyuma. Kazi ilikwisha kabla ya saa sita mchana, na bei ilikuwa nafuu.

Wiki mbili baadaye gari lilianza vituko. Kila Mwalimu alipokata kona polepole akitoka mahali pa kuegesha magari mtaani, sehemu ya nyuma ilinguruma na kushtukashtuka, kama mtu anayeburura sanduku la chuma kwenye sakafu ya saruji. Asubuhi nayo, gia ya pili haikuingia bila kukwaruza.

"Mwalimu, difu imekwisha," fundi alimwambia. "Na giaboksi nayo iko njiani."

Bei aliyotaja ya difu kuukuu peke yake ingelipa karo ya wanawe wawili kwa muhula mzima. Hapo ndipo mazungumzo ya kuuza ng'ombe yalipoanza.

Kwa bahati nzuri mumewe alisisitiza watafute fundi mwingine. Walimwendea mzee mmoja aliyestaafu baada ya kutengeneza malori kwa miaka mingi. Mzee huyo hakuchukua spana. Alichukua brashi na tambara, akajilaza chini ya gari na kupangusa matope yaliyogandamana kwenye difu. Chini ya matope palikuwa na kibandiko kidogo. Akamwita Mwalimu aje ajisomee: difu hiyo ilitakiwa kutiwa oili ya LSD pekee.

"Mama, huyu hana maradhi," mzee alisema. "Amelishwa chakula kisicho chake."

Hii LSD ni kitu gani?

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wasianze kucheka. Hapa hatuzungumzii ile dawa ya kulevya yenye herufi hizo hizo. LSD ni kifupisho cha jina la Kiingereza la difu inayozuia gurudumu moja lisiteleze na kuzunguka peke yake.

Ili kuelewa kazi ya difu, kumbuka gwaride la sikukuu ya Madaraka. Safu ya wanajeshi inapogeuka, aliye upande wa ndani hupiga hatua fupi fupi karibu mahali pamoja, na aliye upande wa nje hupiga hatua ndefu ndefu ili safu isivunjike. Magurudumu ya gari hufanya vivyo hivyo kwenye kona. La nje husafiri mbali kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyawezesha kuzunguka kwa mwendo tofauti.

Ubaya wa difu ya kawaida huonekana kwenye matope. Gurudumu moja likikosa mshiko, hilo ndilo huzunguka bure, huku mwenzake aliye kwenye ardhi ngumu akisimama kama mtazamaji. Yeyote aliyewahi kulisukuma gari msimu wa mvua anajua ninachosema.

Difu ya LSD ilibuniwa kuondoa tatizo hilo. Kampuni ya Packard ya Marekani iliiweka kwenye magari yake mwaka 1956, na siku hizi hupatikana katika pikapu na magari mengi ya kupanda milima. Nissan Patrol nyingi, kwa mfano, zina difu ya namna hii nyuma. Ndani yake mna visahani vyembamba vya chuma vilivyopangwa kwa kubanana. Gurudumu moja likitaka kukimbia peke yake, visahani hushikana na kupeleka nguvu kwa gurudumu la pili.

Lakini kwenye kona ya kawaida, visahani hivyo sharti viteleze kimoja juu ya kingine bila kugombana. Ndiyo maana oili ya LSD hutiwa dawa maalumu ya kuviwezesha kuteleza taratibu. Dawa hiyo ikikosekana, visahani hushika, vikaachilia, vikashika tena mara nyingi kwa sekunde. Huo ndio mngurumo aliousikia Mwalimu.

Soma mkebe kabla ya kulipa

Wengi wetu tukienda dukani huuliza tu "oili ya gia", tukatazama bei, tukalipa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwenye mkebe kuna mambo matatu ya kusoma.

La kwanza ni uzito, unaoandikwa kwa nambari kama 75W-90, 80W-90 au 85W-140. Nambari ya mbele yenye W huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ya nyuma huonyesha uzito wake ikiwa moto. Usilinganishe nambari hizi na za oili ya injini, kwa kuwa vipimo ni viwili tofauti. Oili ya gia ya 90 inakaribiana kwa uzito na oili ya injini ya 40 au 50.

La pili ni daraja. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, hutumia herufi GL na nambari. GL-5 ina dawa nyingi za salfa na fosforasi kuliko GL-4, na kazi ya dawa hizo ni kulinda meno ya gia yanaposuguana kwa nguvu nyingi. Meno ya difu ya nyuma hukandamizana na kutelezeana sana, kwa hivyo difu nyingi huhitaji GL-5.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu husikia 5 ni kubwa kuliko 4 akadhani ni bora kila mahali. Katika giaboksi nyingi za kubadilisha kwa mkono mna vipete vya shaba ambavyo mafundi huviita sinkro. Kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana. Vipete hivyo vinahitaji msuguano kidogo ili vishike. Baadhi ya oili za GL-5 huvitelezesha kupita kiasi, na dawa zake zinaweza kuila shaba polepole oili inapopata joto. Gia ya pili ya Mwalimu ilikuwa ikilalamikia jambo hilo hasa, maana giaboksi yake ilitaka GL-4.

La tatu ni herufi zenyewe, LSD. Kama difu yako ni ya visahani, hakikisha zimeandikwa kwenye mkebe. Ukizikosa, maduka mengine huuza kichupa cha dawa ya kuongeza kwenye GL-5 ya kawaida. Fuata kipimo kilichoandikwa. Ukizidisha, visahani vitateleza hata mahali vinapotakiwa kushika, na LSD yako itageuka difu ya kawaida. Wala usitie oili hii ya LSD kwenye giaboksi ambayo haikuandikiwa oili hiyo, kwa sababu kile kinachovifaa visahani huwa adha kwa sinkro.

Magari si ndugu

Kuna magari yasiyofuata utaratibu huu, na lazima tuyataje. Subaru zenye gia za mkono, kama Impreza, Legacy na Forester, zina giaboksi na difu ya mbele ndani ya nyumba moja, zikitumia oili moja. Kwa hivyo giaboksi hizo zimeundwa kutumia GL-5, kwa kawaida ya 75W-90. Ukisoma makala hii kisha ukakimbilia kutia GL-4 humo, utaiumiza difu ya mbele.

Aidha, si kila LSD ina visahani vya kusuguana. Subaru nyingi zenye LSD nyuma hutumia kifaa kilichofungwa kabisa chenye majimaji mazito ndani. Oili unayoitia kwenye difu haiingii humo, na dawa ya LSD haina kazi. Kuna pia LSD za meno matupu, ambazo kwa kawaida haziihitaji. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, difu hukaa ndani ya giaboksi, na oili moja hulazimika kuridhisha pande zote mbili. Hapo kitabu cha gari ndicho hakimu. Kama kitabu chako ni cha Kijapani, tafuta kibandiko kwenye difu, au peleka nambari ya chasisi kwa muuza vipuri anayejua kuisoma.

Waweza pia kujaribu nyumbani. Ziba magurudumu ya mbele kwa mawe, inua gari nyuma na kuliegemeza kwenye stendi imara, injini ikiwa imezimwa, gia ikiwa huru na breki ya mkono imeachiliwa. Zungusha gurudumu moja la nyuma kwa mkono. La pili likizunguka upande ule ule, una LSD. Likizunguka upande wa kinyume, huenda difu ni ya kawaida, au LSD yake imechakaa.

Onyo kwa vijana: kamwe usiwashe gari la LSD na kuliingiza gia wakati gurudumu moja la nyuma liko juu na jingine liko chini. Lile la chini litapata nguvu, na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Watoto wasiwe karibu.

Na fundi anapobadilisha oili, mwambie afungue kwanza boliti ya juu ya kujazia, ndipo afungue ya chini. Ya juu ikikataa baada ya oili kumwagika, gari halitoki hapo. Kama umevuka mto ukafunika difu, kagua oili mapema. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Tukirudi kwa Mwalimu, mzee alimwaga oili yote. Alitia GL-4 kwenye giaboksi na GL-5 ya LSD kwenye difu. Kisha alimwambia aende uwanjani akaendeshe polepole akichora nambari nane, ili oili mpya iingie kati ya visahani. Jumamosi hiyo wanafunzi walimshangaa mwalimu wao akizunguka kwenye uwanja wa kandanda kama anayejifunza kuendesha. Kufikia mzunguko wa sita mngurumo ulikuwa umekwisha. Gia ya pili ilitulia baada ya siku chache.

Si kila kelele huisha hivi. Kama oili sahihi imetiwa na mngurumo unaendelea, basi visahani vimechakaa na difu sharti ifunguliwe. Lakini anza na oili, kwa kuwa mkebe wa oili haununuliwi kwa ng'ombe.

Ng'ombe wa Mwalimu bado anakamuliwa Kinangop. Na yule fundi wa kwanza? Mwalimu bado humpelekea gari, ila siku hizi huenda na mikebe yake miwili mkononi, na haondoki mpaka aone kila mmoja umemiminwa wapi.