Watoto wafundishwe kuitambua ala kwa sikio

Mpiga nyatiti huketi peke yake, lakini asiyemwona hudhani wako watatu. Kuna nyuzi nane zinazokwanyuliwa kwa vidole vya mikono yote miwili. Kuna mlio mkavu wa chuma juu ya mti, kwa kuwa mpigaji huvaa pete nzito ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ukingo wa ala. Na kuna njuga mguuni, zinazolia kila anapoutikisa. Mjaluo aliyekulia katika nyumba yenye nyatiti akisikia sauti hizo tatu hutaja ala moja, bila kusita. Mtoto wa mjini ambaye muziki wote ameusikilizia kwenye simu atasema ni gitaa, ngoma na kengele.

Wote wawili wana masikio mazima. Mmoja alifundishwa na nyumba na mtaa wake. Mwingine hakufundishwa na mtu yeyote, na shule haikuona kwamba ni kazi yake. Ingepaswa kuiona. Kumfundisha mtoto kuitambua ala kwa sauti ni jambo linalostahili muda wa darasa katika shule za msingi za Afrika Mashariki, na redio nazo zina deni hilo hilo. Sababu ni ya riziki kabla ya kuwa ya utamaduni: pale ambapo wasikilizaji hawajui kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, inaliaje, mpiga kanuni anaweza kuondolewa jukwaani, mahali pake pakawekwa kitufe cha kinanda cha umeme, na ukumbi mzima usijue kwamba kuna mtu amekosekana.

Hakuna darasa la masikio lililo bora kuliko taarab ya Unguja. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuleta muziki huo kutoka Misri, na kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho jina lake bado linatajwa hadi leo. Kwa miongo iliyofuata jukwaa la taarab lilizidi kupanuka, hata ikawa ndani ya wimbo mmoja mtu anaweza kusikia udi, kanuni, fidla kadhaa, nai, kodiani, selo, besi, na ngoma za dumbaki na rika. Msikilizaji mgeni huona wingu moja la sauti. Aliyefunzwa huwaona watu, kila mmoja na kazi yake.

Njia ya kuingia humo ni kuanza na mbili zinazofanana kidogo na kutofautiana sana: udi na kanuni. Zote ni za nyuzi, zote hukwanyuliwa. Udi una tumbo la duara na shingo fupi isiyo na vikato, hupigwa kwa risha moja, na sauti yake ni nzito, ya mbao, inayokufa mapema. Kwa kuwa shingo haina vikato, kidole kinaweza kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine, na mteremko huo ni alama ya udi hata kwenye kanda iliyochakaa. Kanuni hulazwa mapajani au mezani. Kila noti ina nyuzi tatu zilizokazwa sawasawa, jumla hupita sabini, na mpigaji huvaa risha mbili, moja kwenye kidole cha shahada cha kila mkono. Hata hivyo, nyuzi tatu kwa pamoja hazilingani kikamilifu. Ndiyo maana sauti ya kanuni humetameta. Daraja lake linakaa juu ya ngozi iliyowambwa, na ngozi hiyo huipa kila pigo ukali wake wa mwanzo. Akitaka kurefusha noti, mpiga kanuni hana budi kuipiga tena na tena kwa kasi, mkono kwa mkono. Rajab Suleiman, mmoja wa wapiga kanuni wanaojulikana sana Zanzibar, akianza kupiga hivyo, hata mtoto wa miaka saba anaweza kuonyeshwa: sikiliza, hiyo ndiyo kanuni, udi hauwezi kumwagika namna hiyo.

Zinazoendeleza sauti ni kundi jingine. Fidla huvutwa upinde na inaweza kuishika noti muda mrefu kuliko pumzi ya mwimbaji. Nai ni tete lililo wazi, na upepo unaopotea mdomoni husikika pamoja na noti yenyewe. Kodiani ina ndimi nyembamba za chuma zinazotetemeshwa na hewa ya mvukuto. Msikilizaji makini husikia hata mahali mpigaji anapogeuza mvukuto, kutoka kuvuta kwenda kusukuma.

Mtego uko Mombasa. Hapo marehemu Juma Bhalo aliimba kwa mtindo wa Kihindi akifuatana na harmoniamu, na harmoniamu nayo ina ndimi za chuma zinazopigwa na hewa. Binamu hao wawili hutofautishwa kwa kuangalia, kwa sikio, mikono inafanya nini: mpiga harmoniamu mkono mmoja unapuliza hewa, kwa hiyo wimbo wote unabebwa na mkono mmoja tu.

Mombasa pia ina tashkota, ala ambayo safari yake ingefaa kufundishwa katika somo la jiografia. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na Goro Morita, aliyezipa nyuzi za chuma vitufe vilivyofanana na vya taipureta. Ikaenda India, na kutoka huko ikavuka bahari hadi pwani ya Kenya, ambako bendi ya Zuhura Swaleh iliipa nafasi ya mbele kabisa. Sauti yake ni ya chuma tupu, kali, yenye mtetemo wa haraka. Mtu akiisikia mara moja huku akiambiwa jina lake, hawezi tena kuichanganya na gitaa.

Sikio hufanyaje kazi hiyo? Mwaka 1863 mwanasayansi wa Kijerumani Hermann von Helmholtz alieleza kwamba noti moja kwa kweli ni rundo la sauti: ile ya msingi, na juu yake nyingine nyembamba zinazoambatana nayo. Ala mbili zikipiga noti ile ile, rundo hilo hupangika tofauti, na tofauti hiyo ndiyo tunayoiita rangi ya sauti. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, aliyekuwa akifanya kazi katika redio ya Ufaransa mjini Paris, alirekodi kengele kisha akaondoa lile pigo la mwanzo, akabakiza mlio unaofuata. Kilichobaki hakikusikika tena kama kengele. Kilifanana na ala ya kupuliza. Majaribio ya miaka ya 1960 yaliyowahusisha wanamuziki yakathibitisha jambo hilo kwa ala nyingi: ukikata mwanzo wa noti, hata mjuzi huanza kukosea.

Sehemu kubwa ya utambulisho wa ala, basi, imo katika kile kipande kifupi cha kwanza: risha inapouacha uzi, upinde unapoushika, pumzi inapogusa ukingo wa tete. Ni kama vile mtu anavyotambulikana kwa hodi yake kabla hajaonekana mlangoni. Mwalimu anayejua hili atawaambia wanafunzi wasikilize mwanzo wa noti, si katikati yake, na maendeleo yatakuwa ya haraka kuliko akiwaambia tu wasikilize kwa makini.

Halafu kuna ule mkwaruzo ambao wengi huuchukia kwa kutoujua. Ilimba ya Wagogo wa Dodoma, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliitembeza duniani akitokea Bagamoyo, ina ndimi za chuma juu ya sanduku la mti. Matundu ya sanduku huzibwa kwa utando wa buibui, na utando huo hutetemeka pamoja na kila noti, ukatoa mzizimo laini unaoifuata. Fundi wa kale aliutaka mzizimo huo. Aliutafuta utando, akauweka kwa mkono wake. Fundi mitambo wa studio asiyelijua hilo atadhani spika imepasuka, ataanza kuusafisha, na atakaporidhika na usafi wake atakuwa ameitoa roho ya ilimba. Hapa ujinga wa sikio una madhara yanayoonekana: kinachofutwa kwenye rekodi leo ndicho ambacho mjukuu hatakisikia kamwe.

Kuna jambo jingine linalofundisha masikio ya watoto bila mtu kulijadili. Mwaka 1991 viwanda vya vinanda vya umeme vilikubaliana juu ya orodha moja ya sauti 128, ili wimbo uliotengenezwa kwenye mashine moja usikike vilevile kwenye nyingine. Orodha hiyo iliingia katika vinanda vya bei nafuu, kompyuta, na miito ya simu za mkononi kote duniani. Ndani yake mna sitari ya India, mna koto na shamisen za Japani, mna zumari ya mifuko ya Waskoti. Kutoka Afrika kusini mwa Sahara mna kalimba. Udi hauko. Kanuni haiko, nai haiko, nyatiti haiko, zeze haliko. Baadaye viwanda viliongeza sauti za Kiarabu kwenye vinanda vya bei ya juu, lakini ile orodha ya kwanza ndiyo iliyokwisha kuzagaa, na ndiyo iliyoyalea masikio ya kizazi kizima.

Taarab ya kisasa ya miaka ya 1990 iliinuka ikiwa na vinanda hivyo mbele. Haifai kuibeza, ilijaza kumbi, iliwapa wanawake jukwaa na sauti kubwa, na nyimbo zake zinapendwa kwa haki. Lakini kitufe kilichoandikwa fidla, kwenye kinanda cha kawaida, huanza kila noti kwa namna ile ile. Mpiga fidla aliye hai hawezi kuanza noti mbili sawasawa hata akitaka. Msikilizaji aliyefunzwa huisikia tofauti hiyo na anaweza kuchagua: leo nataka kinanda, kesho nataka fidla tano. Asiyefunzwa hana cha kuchagua.

Kinachofanyika shuleni kwa sasa hakitoshi. Ala huingia darasani zikiwa orodha ubaoni: za nyuzi, za kupuliza, za kupigwa. Mwanafunzi anaweza kuandika kwamba zeze ni ala ya nyuzi, akapewa alama zake zote, na zeze lenyewe hajalisikia hata mara moja. Tanzania ina somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na Kenya inazo sanaa bunifu ndani ya mtaala wa umilisi. Nafasi ipo. Atakayesema shule haina pesa za ala ana haki ya kusikilizwa, kwa maana shule nyingi hazina hata madawati ya kutosha. Ila kazi hii haihitaji kununua kanuni. Inahitaji simu ya mwalimu, spika ndogo, na wimbo mmoja uliopigwa na ala mbili kwa zamu. Watoto wafumbe macho. Waulizwe sauti ilianzaje, ilikaa muda gani, iliishaje. Waachwe waseme kwa maneno yao wenyewe kwamba hii inakwaruza na ile inadondoka, na jina la ala litajwe baada ya hapo. Ala zikizoeleka mbilimbili, zichanganywe. Na penye mpiga zumari au marimba kijijini, aalikwe na alipwe kwa siku yake.

Mfano wa namna kazi hii inavyoweza kufanywa kwa uzuri upo, na una karibu miaka tisini. Mwaka 1936, mjini Moscow, Sergei Prokofiev aliwatungia watoto hadithi ya Petro na mbwa mwitu kwa ajili ya ukumbi wa michezo wa watoto ulioongozwa na Natalia Sats. Kila mhusika alipewa ala yake: ndege filimbi, bata obo, paka klarineti, babu fagoti, mbwa mwitu honi tatu, na Petro kundi la nyuzi. Mtoto anayefuatilia hadithi hujikuta amejifunza ala zote bila kuhisi kwamba alikuwa darasani. Afrika Mashariki haikosi hadithi: sungura na fisi wamo katika kila lugha ya eneo hili. Haikosi watunzi pia. Chuo cha muziki cha Dhow Countries, kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 2002, kimefundisha vijana wengi, wanawake kwa wanaume, wanaopiga udi, kanuni na fidla kwa ustadi. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa chenye walimu wa marimba, zeze na ngoma. Sungura akipewa ilimba, fisi zumari, kobe besi, na simba ngoma ya msondo, kazi hiyo ingeweza kuzunguka shule kwa shule katika mwaka mmoja.

Redio nayo isisubiri wizara. Watangazaji wengi wa vipindi vya nyimbo za zamani humtaja mwimbaji na mwaka, mara nyingine na mtunzi wa shairi. Anayepiga kanuni hatajwi. Kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam bado zimo mikononi mwa TBC, shirika la utangazaji la taifa, na humo mna wapigaji wa dansi, taarab na ngoma za mikoa. Nusu saa moja kwa wiki ingetosha kuanzia: ala moja tu kila kipindi, kwanza ipigwe peke yake kwa dakika moja, jina la mpigaji litajwe, kisha uchezwe wimbo ambamo ala hiyo imefichika kati ya nyingine, na wasikilizaji wapige simu kusema ni wapi wameisikia ikiingia.