Seva Iko Kwenye Laptopu Yako, Usisubiri MB

Vijana wenzangu wa Nakivale, Kakuma, Nyarugusu na kwingineko, leo naongea na nyinyi mnaojifunza kutengeneza tovuti, na pia na wafanyakazi wa mashirika wanaotuletea hayo mafunzo.

Kuna neno moja limekuwa kama kufuli: "hakuna network." Network ikikatika, darasa limekatika. MB zikiisha, mwanafunzi anafunga laptopu anarudi nyumbani. Mimi nasema hapo tunapoteza muda bure. Kutengeneza tovuti ni kazi moja, kuiweka hewani ni kazi nyingine. Hiyo ya pili ndiyo inahitaji intaneti. Ya kwanza haihitaji, na darasa lolote la tovuti kambini lingeanzia hapo: kuwasha seva ndogo kwenye mashine yako mwenyewe.

Wengi wetu tukisikia "seva" tunawaza limashine likubwa lililoko Ulaya au Marekani. Hapana. Seva ni programu tu. Inakaa inasubiri, brauza ikiomba ukurasa, inautoa. Basi. Programu hiyo inaweza kukaa ndani ya laptopu ile ile yenye brauza. Anwani yake ni 127.0.0.1, au kwa jina, localhost, yaani "mashine hii hii." Ombi halitoki nje ya laptopu, kwa hiyo halili hata MB moja.

Na kuiwasha si kazi. Kama laptopu ina Python, fungua terminali, ingia kwenye folda ya kazi yako, andika:

python3 -m http.server 8000

(Kwenye Windows mara nyingi ni python bila hiyo 3.) Halafu kwenye brauza andika localhost:8000. Ukurasa wako huo. Kama unajifunza PHP, yenyewe imekuja na seva ndogo tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012:

php -S localhost:8000

Kuzima, bonyeza Ctrl na C. Hata asiye na laptopu si wa kukaa pembeni: kwenye simu ya Android kuna programu ya Termux, unaweka Python ndani yake mara moja, baadaye unaendelea bila intaneti.

Mtu atauliza: kwa nini nisibonyeze tu faili mara mbili lifunguke? Litafunguka, ndiyo, lakini angalia pale juu kwenye anwani: imeandikwa file:///. Hapo brauza inalichukulia kama faili la kawaida, si tovuti. Ukitumia JavaScript kusoma data kutoka faili jingine, brauza inakataa. Picha uliyoiandikia njia inayoanza na mkwaju, kama /picha/nembo.png, haionekani. PHP ndiyo kabisa, haifanyi kazi. Mwanafunzi anaangalia msimbo wake, hauna kosa, lakini hautembei. Anaanza kuamini kompyuta si yake. Nimeona vijana wenye akili wakiacha masomo kwa sababu kama hiyo, na jibu lilikuwa mstari mmoja tu.

Njia nyingine inayofundishwa ni kupandisha mafaili kwenye huduma ya bure ya mtandaoni kila unapobadilisha kitu. Jamani! Anayejifunza hubadilisha rangi, anaangalia, anabadilisha tena, mara kumi ndani ya nusu saa. Kila kuangalia ni MB. Kwa mtu ambaye MB na unga vinatoka mfuko mmoja, hayo si mafunzo, ni kodi.

Tena seva hiyo ndogo inaweza kuhudumia darasa zima. Mwalimu anawasha hotspoti ya simu na kuzima data, ili simu za wengine zisimmalizie MB. Wanafunzi wanaungana na hotspoti ile, wanaandika namba ya laptopu yenye seva, kwa mfano 192.168.43.20:8000, na wote wanaona ukurasa mmoja. Wazo hili si geni kwa mashirika. Kiwix inafungua Wikipedia bila intaneti, Kolibri inatoa masomo bila intaneti, na zote zinaweza kugawa vitu vyao kwa seva ya ndani namna hiyo hiyo. Kama tunaruhusiwa kusoma kwa njia hiyo, kwa nini tusifundishwe kutengeneza kwa njia hiyo?

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi: usalama. Sisi tukijifunza fomu, tunatengeneza fomu za maisha yetu: orodha ya kikundi, majina, namba za simu, namba za kadi, nani anaishi mtaa gani. Kijana anaweka majina ya kweli ya majirani ili ajaribu, kisha anapandisha kwenye intaneti wakati fomu haina hata nywila. Kati yetu wapo waliokimbia watu ambao mpaka leo wanawatafuta. Jina na mtaa vikitoka nje, havirudi. Kwenye localhost, kosa la mwanafunzi linabaki kwenye laptopu yake.

Lakini tusidanganyane, hata seva hii ina mlango. Ile ya Python, usipoiambia kitu, inasikiliza kila aliye kwenye Wi-Fi ile ile, na kila faili lililomo kwenye folda ile linaweza kufunguliwa. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya watu wengi, ongeza --bind 127.0.0.1 mwishoni mwa ule mstari. Usiiwashe kwenye folda yenye picha na vyeti vyako. Na seva hizi mbili ni za kujaribia tu. Watengenezaji wake wenyewe wanaonya zisitumike kuhudumia umma. Halafu, hata ukiwa peke yako, jaribu kwa majina ya kubuni.

Najua kuna watakaosema mwajiri anataka kuona kazi iliyo hewani. Kweli. Jina la tovuti, HTTPS, kupandisha mafaili, yote hayo tuyajue. Ila panda hewani kazi ikiiva, mara moja kwa wiki, badala ya mara hamsini kwa siku.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, ombi ni dogo. Leteni flashi yenye programu za kuweka na maktaba kama Bootstrap zikiwa zimeshapakuliwa, ili ukurasa usizitafute mtandaoni. Pesa ya MB iwekeni kwa siku ya kupandisha kazi. Na network ikikatika, msitutume nyumbani.

Na wewe kijana, usiulize kwanza kama kuna network. Uliza kama betri ina chaji. Kama ipo, washa seva, endelea na kazi.