Programu ya Wizi ya Nini?

Wanachama wenzangu, kuna tabia moja inayoniudhi. Mwanafunzi akitaka kurembesha picha, huyo mbioni kutafuta Photoshop ya wizi, kwa kuwa ile halali hulipiwa kila mwezi. Jamani, ya nini? Programu za magendo mara nyingi huja na virusi, na wizi ni wizi hata ukifanywa kwa kompyuta.

Mbona tusitumie GIMP? Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatolewa kwa umma 1996. Ni ya bure, tena kihalali.

Wapo watakaobisha eti cha bure hakina maana. Hebu jaribuni kwanza: fungua picha iliyoingia giza, ongeza mwanga penye kivuli tu, kisha uihifadhi kwa jina jipya ili ile ya asili ibaki salama. Lakini mkono utulie unapopiga. Picha iliyotikisika haina dawa!

Ikiwa wanafunzi wenzetu waliweza kuiunda, sisi tutashindwaje kuitumia? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shime!